Bomba la Nyumba au Bomba la Mtu? Historia ya Masharti ya Kuunganishiwa Maji Mjini

Tunapozungumza habari za maji ya mjini, mara nyingi tunazungumza habari za mitambo. Tunauliza mto una maji kiasi gani, pampu zina nguvu kiasi gani, bomba kuu lina upana gani. Haya ni maswali ya haki, na wataalamu wetu wana wajibu wa kuyajibu. Lakini yako maswali mengine ambayo mtaalamu wa pampu hawezi kuyajibu. Nani anaruhusiwa kuomba maji? Nani anagharimia bomba dogo litokalo kwenye bomba kuu mpaka mlangoni? Nani anatia saini? Deni lisipolipwa, ni nani anayekatiwa, na ni nani anayeendelea kunywa?

Majibu ya maswali haya hayamo mtamboni. Yamo katika fomu za maombi, katika sheria ndogo za mji, na katika desturi za ofisi ya maji. Kwa kuwa fomu huonekana kuwa ni jambo dogo la makarani, sisi makada huipita bila kuitazama. Tunafanya kosa. Sharti la kuunganishiwa maji ni jambo la siasa, kwa sababu ndilo linaloamua ni tabaka gani litakalopata maji kwa bei nafuu na ni tabaka gani litakalobeba ndoo.

Katika makala haya tutaichunguza historia ya sharti hilo katika miji miwili: London na Dar es Salaam. Tunaanza na London kwa sababu mbili. Kwanza, ni katika mji huo ambako ubepari wa maji ulikomaa mapema, na kwa hiyo tabia zake zote zinaonekana wazi. Pili, watawala waliotutungia sheria zetu za kwanza za maji ya mabomba kwa Kiingereza walitoka huko, wakaja na fikra zao. Asiyejua chanzo cha sharti hawezi kulibadili.

MAJI YANAPOGEUZWA BIDHAA

Mnamo mwaka 1613 mfereji uliochimbwa chini ya uongozi wa Hugh Myddelton ulianza kuleta maji London kutoka chemchemi za Hertfordshire, mwendo wa zaidi ya kilomita 60. Mfereji huo uliitwa New River. Nusu ya gharama ilitolewa na Mfalme James wa Kwanza, naye akapewa haki ya nusu ya faida. Tuangalie jambo hili kwa makini. Tangu siku ya kwanza maji hayo yalihesabiwa kwa faida, na mwenye dola alikuwa mbia katika faida hiyo.

Maji yalipita mitaani ndani ya magogo ya miti yaliyotobolewa. Aliyetaka maji nyumbani kwake aliingia mkataba na kampuni, akavutiwa bomba dogo la risasi, akalipa kila mwaka. Asiyekuwa na fedha alichota kwenye visima na pampu za mitaani, au akanunua kwa wachukuzi waliobeba maji mgongoni. Hivyo, karne nne zilizopita, mji ulikuwa tayari na makundi mawili: walioungwa na wasioungwa.

Biashara ilipopanuka, makampuni yaliongezeka. Mwanzoni mwa karne ya 19 yalishindana kwa ukali kiasi kwamba mtaa mmoja uliweza kuwa na mabomba ya makampuni mawili, kila moja likimvuta mteja wa mwenzake. Wasifia ubepari hutuambia kwamba ushindani humletea mnunuzi nafuu. Historia ya London yatuonyesha mwisho wake. Kufikia mwaka 1817 makampuni ya upande wa kaskazini wa Mto Thames yalichoka kupata hasara, yakakaa chini, yakagawana mitaa. Tangu hapo kila kampuni ilikuwa mfalme katika eneo lake. Mnunuzi hakuwa na wa kumkimbilia. Ushindani ulizaa ukiritimba.

NYUMBA INAUNGWA, MTU HAONEKANI

Je, sharti la makampuni haya lilikuwa lipi? Lilikuwa rahisi. Kampuni haikumuunga mtu, iliiunga nyumba. Ada haikupimwa kwa maji yaliyonyweka, ilipimwa kwa thamani ya pango ya nyumba kwa mwaka. Gharama ya bomba dogo, mifereji na tangi la kuhifadhia ilikuwa juu ya upande wa nyumba, si juu ya kampuni.

Kwa bwanyenye aliyeishi katika nyumba yake mwenyewe, sharti hili halikuwa na taabu. Alikuwa mwenye nyumba, mlipaji na mnywaji kwa wakati mmoja. Lakini wafanyakazi wa London hawakuwa na nyumba. Walipanga vyumba, wengi wao kwa wiki. Katika maisha yao watu hawa watatu walitengana: mwenye nyumba alikuwa mmoja, mnywaji alikuwa mwingine, na mlipaji alikuwa ni yule ambaye sheria ilimtaja.

Sheria ya Bunge ya mwaka 1847 kuhusu makampuni ya maji ilisema kwamba nyumba ambayo thamani yake kwa mwaka haikuzidi pauni 10, mwenye nyumba ndiye alipe ada ya maji badala ya mpangaji. Kwa haraka mtu angeweza kusema kwamba sheria hiyo ilimhurumia mnyonge. Sivyo. Makampuni yalitaka mdaiwa mmoja anayejulikana, badala ya wadaiwa ishirini wanaohama kila mwezi. Mwenye nyumba naye aliirudisha ada hiyo ndani ya kodi ya chumba. Mnyonge aliendelea kulipa, isipokuwa sasa alilipa bila jina lake kuandikwa popote. Kwa kuwa jina lake halikuandikwa, hakuwa na haki ya kulalamika.

Matokeo yake yalionekana katika nyua za maskini. Mwenye nyumba alivuta bomba moja kwa nyumba nyingi zilizozunguka ua mmoja. Maji yalitoka kwa saa chache tu, na siku ya Jumapili mara nyingi hayakutoka kabisa. Wakazi walipanga foleni na ndoo, wakahifadhi maji katika mapipa yaliyokaa wazi karibu na vyoo. Katika vitabu vya kampuni nyua hizo ziliandikwa kwamba zimeungwa.

SOMO LA KIPINDUPINDU

Mwaka 1854 kipindupindu kilipiga London. Daktari John Snow, ambaye alishikilia kwamba ugonjwa huo huenezwa na maji wakati wakubwa wa tiba wakilaumu hewa chafu, aliuchunguza upande wa kusini wa mto. Huko makampuni mawili, Lambeth na Southwark and Vauxhall, yalikuwa yametandaza mabomba katika mitaa ileile tangu enzi za ushindani. Nyumba moja ilikuwa ya kampuni hii na ya jirani ilikuwa ya kampuni ile. Mwaka 1852 Lambeth ilikuwa imehamishia mtambo wake sehemu ya juu ya mto, mbali na uchafu wa mji. Southwark and Vauxhall iliendelea kuvuta maji Battersea, mahali ambapo mto ulipokea vinyesi vya London.

Snow alihesabu vifo vya majuma saba ya kwanza. Katika nyumba 40,046 za Southwark and Vauxhall walikufa watu 1,263. Katika nyumba 26,107 za Lambeth walikufa watu 98. Maana yake, kwa kila nyumba 10,000 kampuni ya kwanza ilikuwa na vifo 315, na ya pili vifo 37. Mtaa ni uleule, hewa ni ileile, kazi za watu ni zilezile. Tofauti ilikuwa bomba.

Hesabu hizi zinajulikana na wanafunzi wa tiba duniani kote. Lakini liko jambo jingine ndani ya uchunguzi huo ambalo halisemwi mara nyingi, nalo ndilo linalotuhusu sisi. Snow alipokwenda mlango kwa mlango kuuliza, "Mnapata maji ya kampuni gani?", wapangaji wengi hawakujua. Wangejuaje? Ada ililipwa na mwenye nyumba au wakala wake aliyeishi mbali. Ilimpasa Snow achukue maji ya nyumba na kuyapima kwa dawa ili aone wingi wa chumvi, ndipo ajue kampuni yake. Mpangaji alikunywa maji hayo, akayalipia ndani ya kodi, akafa kwa maji hayo, bila kujua yalitoka wapi. Hili ndilo zao la sharti lililoiona nyumba bila kumwona mtu.

Mwaka huohuo, katika mtaa wa Soho, kisima cha pampu cha Broad Street kiliua watu zaidi ya 600. Hatua chache kutoka hapo, katika Dean Street, aliishi Karl Marx na familia yake katika vyumba vya kupanga. Mwandishi wa Das Kapital alijua kodi ya chumba kwa uzoefu wake mwenyewe.

SHERIA ZINALEGEZA, MSINGI HAUBADILIKI

Tabaka linalotawala halitoi haki mpaka lisukumwe. Vifo vya kipindupindu, ambavyo havikuchagua mlango wa maskini peke yake, vililisukuma Bunge. Tazama mwendo wa sheria zenyewe.

Sheria ya mwaka 1852 iliyaamuru makampuni yaliyotegemea Mto Thames yavute maji juu ya Teddington, yachuje maji, na yafunike matangi yaliyo karibu na mji. Pia iliruhusu wananchi wadai maji ya saa zote. Lakini iliweka sharti: lazima wanne katika kila watano wa wenye nyumba au wakazi kwenye bomba hilo waombe kwa maandishi, na nyumba zao ziwe na vifaa vinavyotakiwa. Nani angenunua vifaa? Mwenye nyumba hakutaka kutia fedha katika nyumba za maskini, na mpangaji wa wiki moja hakuweza. Haki iliandikwa kwenye karatasi, ikafungwa kwa sharti.

Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi. Mashariki ya London, katika eneo la kampuni ya East London, walikufa watu zaidi ya 5,000. Ilibainika kwamba maji yalikuwa yamepita katika matangi ya wazi ya Old Ford, kinyume cha sheria ya 1852. Ndipo ikatungwa sheria ya mwaka 1871 ya kuyalazimisha makampuni kuelekea kwenye maji ya saa zote, pamoja na kanuni za vifaa vya nyumbani.

Mwaka 1887 Bunge lilikataza kampuni kumkatia maji mpangaji kwa deni ambalo mwenye nyumba ndiye aliyepaswa kulilipa. Mwaka 1891 sheria ya afya ya London ilitamka kwamba nyumba isiyo na maji ya kutosha ni nyumba yenye kero, na kwamba nyumba mpya isikaliwe mpaka ithibitishwe kuwa ina maji. Hizi zilikuwa hatua za kweli. Kwa mara ya kwanza sheria ilimtambua yule aliyelala ndani ya nyumba na kumtenganisha na yule aliyeimiliki. Ilichukua muda gani? Kutoka mwaka 1613 mpaka 1887, ni miaka 274.

Hata hivyo makampuni yalibaki na mabomba. Katika miaka ya 1895, 1896 na 1898 Mashariki ya London ilikumbwa na uhaba mkubwa wa maji, na hasira ya wafanyakazi ikapanda. Hatimaye sheria ya mwaka 1902 iliunda Bodi ya Maji ya London, nayo ikayachukua makampuni manane mwaka 1904. Wenye hisa walilipwa fidia ya zaidi ya pauni milioni 40, deni ambalo watumiaji wa maji waliendelea kulibeba.

Hapa liko somo la kwanza. Umilikaji wa umma ulikuwa ushindi mkubwa: uliunganisha mitambo, ukaondoa gawio la faida. Lakini bodi hiyo ya umma iliendelea kutoza kwa thamani ya nyumba, kama makampuni yalivyotoza. Bomba lilibadili mwenyewe, sharti halikubadilika. Na kwa kuwa wananchi hawakuwa na sauti ya moja kwa moja ndani ya chombo hicho, hawakuwa na nguvu ya kukilinda. Mwaka 1989 serikali ya mabepari ya Uingereza iliyauza maji ya London kwa makampuni binafsi tena. Ilipofika mwaka 1999 Bunge lilipiga marufuku kukata maji ya nyumba ya kuishi kwa sababu ya deni. Hata nchi iliyouza maji ililazimika kukiri kwamba mtu hawezi kukatiwa uhai kwa ankara.

DAR ES SALAAM: RAMANI YA RANGI, RAMANI YA MABOMBA

Sasa tuje nyumbani. Ukoloni uliigawa Dar es Salaam katika sehemu tatu ambazo majina yake bado yamo vinywani mwa wazee: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Waingereza hawakuandika rangi ya mtu katika kanuni zao za ujenzi. Waliandika aina ya jengo. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya nyumba za Kizungu, ya pili ya maduka na makazi, ya tatu ya nyumba za kienyeji. Uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo. Kwa hila hiyo, ubaguzi ulivaa nguo ya kanuni ya ujenzi.

Na maji yalifuata jengo. Nyumba ya zege yenye bafu ilikuwa na mahali pa kuungia bomba. Nyumba ya Kariakoo yenye vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, ilihesabiwa kuwa ya kienyeji, na wakazi wake wengi walichota kwenye bomba la umma. Katika nyumba hiyo kila chumba kilikuwa na mpangaji wake: kuli wa bandari, mtumishi wa nyumbani, mchuuzi. Ilikuwa hali ileile ya ua wa London, isipokuwa hapa tabaka lilifungamana na rangi.

Sheria ya Mitambo ya Maji ya mwaka 1949 ilitungwa katika mazingira hayo. Mtambo wa Ruvu Juu ulikamilika mwaka 1959, miaka miwili kabla ya Uhuru. Mwaka 1961 tuliurithi mtambo, tukairithi sheria, tukazirithi na fomu. Tulifurahi, na ilikuwa haki yetu kufurahi. Lakini hatukuzisoma fomu zile kwa jicho la tabaka.

BAADA YA UHURU: MAFANIKIO NA UPUNGUFU

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliyataja maji miongoni mwa njia kuu za uchumi zinazopasa kuwa chini ya wakulima na wafanyakazi. Mwaka 1971 nchi ilianza mpango wa miaka 20 wa kumpatia kila mwananchi wa kijijini maji safi ndani ya mita 400 kutoka kwake. Mpango haukufikia lengo lake ilipofika mwaka 1991. Hata hivyo tuangalie jinsi ulivyouliza swali. Haukuuliza, "Nani ana nyumba yenye hati?" Uliuliza, "Mtu anatembea hatua ngapi kufika kwenye maji?" Kijijini tulianza na mtu.

Mjini hatukufanya hivyo. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa, na kabaila mkubwa wa majumba akapata pigo. Toka mwaka 1972 Serikali ilianza kuacha sera ya kubomoa makazi ya wanyonge, na baadaye maeneo kama Manzese yaliwekwa katika mpango wa kuboreshwa. Mwaka 1976 mtambo wa Ruvu Chini ulikamilika. Zote hizo zilikuwa hatua za mbele. Lakini sharti la kuunganishiwa lilibaki kama tulivyolikuta: kwa kawaida mwombaji ni mwenye kiwanja au mwenye nyumba, lazima athibitishe umilikaji wake, lazima agharimie bomba, viungio na kazi ya kuchimba kutoka bomba kuu mpaka kwake.

Wakati huohuo mji ulikua. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu 356,286 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541, na ya mwaka 2022 watu 5,383,728. Sehemu kubwa ya watu hawa walijenga au walipanga katika maeneo yasiyopimwa, ambako hati hakuna na bomba kuu liko mbali. Kwa hiyo sharti lilelile ambalo enzi ya mkoloni lilimwacha nje Mwafrika, sasa lilimwacha nje mpangaji na mjenzi mdogo.

Pengo hilo liliziba vipi? Lilizibwa na biashara. Aliyeungwa alimuuzia asiyeungwa. Bomba moja uani likawa duka. Mkokoteni wa madumu ukawa ndio mtandao wa maji wa kabwela. Tufanye hesabu ndogo. Yuniti moja ya maji ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Tuseme dumu linauzwa shilingi 50 tu: mnunuzi wa madumu analipa shilingi 2,500 kwa yuniti. Kila kada ailinganishe hesabu hiyo na ankara ya nyumba yenye dira ya maji katika mtaa wake, kisha ajiulize ni nani anayelipa zaidi kwa maji ya mto mmoja. Bei nafuu iliyowekwa kwa ajili ya wanyonge inaishia kwa yule mwenye bomba. Mnyonge anapata bei ya dumu.

Hatusemi kwamba kila muuza dumu ni mnyonyaji. Wengi wao ni vijana wanaovuja jasho kusukuma mikokoteni juani. Kosa si la kijana huyo. Ni la sharti linaloweka lango moja penye wanywaji wengi.

SOMO LA MWAKA 2003 HADI 2005

Wako waliosema kwamba dawa ya matatizo haya ni kulikabidhi bomba kwa kampuni binafsi. Mkataba wa miaka kumi ulitiwa saini mwaka 2003 na kampuni ya City Water, iliyoundwa na Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na mbia wa hapa nchini, Superdoll. Kazi ilianza Agosti 2003, chini ya mashinikizo ya wakopeshaji wa kimataifa waliofanya ubinafsishaji kuwa sharti la misaada. Ndani ya miaka miwili malengo ya mkataba hayakufikiwa, na mwezi wa Mei 2005 Serikali ikatangaza kuuvunja. Biwater Gauff ilipeleka shauri mbele ya baraza la usuluhishi la kimataifa. Uamuzi wa Julai 2008 ulisema kwamba Tanzania ilikuwa imekiuka baadhi ya wajibu wake katika namna ya kuiondoa kampuni, lakini haikuamriwa kulipa fidia yoyote.

Tulishangilia kurudi kwa bomba mikononi mwa umma, na tulikuwa na haki. Lakini tusirudie kosa la London ya mwaka 1904. Bomba lilikwenda kwa kampuni mwaka 2003 na likarudi kwa umma mwaka 2005. Katika safari yote hiyo ya kwenda na kurudi, mpangaji wa uani hakusogea. Kabla ya kampuni alinunua dumu. Wakati wa kampuni alinunua dumu. Baada ya kampuni alinunua dumu. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba umilikaji wa umma ni sharti la lazima, lakini peke yake hautoshi. Mwenye bomba ni swali la kwanza. Mwenye haki ya kuungwa ni swali la pili, na mapinduzi yasiyolifikia swali la pili yameishia njiani.

HOJA ZA WARASIMU, NA MAJIBU YAKE

Warasimu wana hoja zao, na yatupasa kuzijibu kwa haki. Husema: mpangaji huhama, akiacha deni tutamdai nani? Husema: maeneo yasiyopimwa hayana njia, bomba litakanyagwa na kupasuka. Husema: pampu hulipiwa umeme, dawa hununuliwa, maji ya bure huua mtambo.

Hoja ya tatu ni ya kweli. Maji yana gharama, na anayewaahidi wananchi maji yasiyo na gharama anawadanganya. Lakini kabwela halilii maji ya bure. Tumeona kwamba yeye tayari analipa, na analipa zaidi. Analia alipe bei ileile anayolipa mwenye dira.

Hoja ya pili ni tatizo la ufundi, na ufundi upo: bomba kuu linaweza kusogezwa mpaka ukingoni mwa mtaa, na kilula chenye dira kikawekwa mahali pa pamoja. Kadhalika mamlaka za maji zimewahi kuruhusu gharama ya kuunganishiwa ilipwe kidogo kidogo pamoja na ankara, nalo likawezekana.

Hoja ya kwanza ndiyo ileile ya makampuni ya London: tafuta mdaiwa mmoja, msahau mnywaji. Bunge la mabepari lenyewe liliiwekea mipaka mwaka 1887. Itakuwa ajabu kama sisi tutaitetea.

JUKUMU LETU

Ndugu wasomaji, kutokana na historia hii tunapata kazi nne. Ya kwanza ni kuisoma fomu. Kila tawi lichukue fomu ya maombi ya maji ya mji wake na kuijadili kama linavyojadili waraka wa siasa: sharti hili linamwacha nani nje? Ya pili ni kupigania kwamba uthibitisho wa mtaa juu ya makazi ya mtu uwe na uzito, ili ukosefu wa hati usiwe ukosefu wa maji. Ya tatu ni kupigania kwamba mpangaji asikatiwe kwa deni la mwenye nyumba, na kwamba yeye naye asikike katika mashauri ya bei. Ya nne ni kuvisimamia vilula vya mitaa vibaki mali ya watumiaji, vikiwa na hesabu zinazosomwa hadharani, visigeuke mradi wa mjumbe au wa kiongozi mmoja.

Kazi hii ya nne yatugusa sisi wenyewe. Barua ya mtaa inayomwezesha mtu kuungwa hupita mikononi mwa viongozi wetu wa chini. Mahali ambapo barua hiyo inauzwa, au ambapo mwenye kilula na mwandishi wa barua ni mtu mmoja, usitafute kampuni ya kigeni. Mrija upo hapohapo, na Chama kina wajibu wa kuukata kabla wananchi hawajachoka kusubiri.

Daktari Snow aligonga milango ya kusini ya London akiuliza swali moja: maji yenu yanatoka kwa nani? Kada naye apite katika nyumba za mtaa wake, chumba kwa chumba, aulize swali hilohilo, na aongeze moja: jina lako limeandikwa wapi? Penye watu wengi watakaojibu kwamba jina lao halikuandikwa popote, hapo ndipo kazi yetu ianzie.